Ufundi na Uungwana: Habari ya Kipokezi Kidogo

Tunapozungumza juu ya utamaduni wa taifa, aghalabu mawazo yetu hukimbilia ngoma, mavazi, mashairi na methali. Hayo yote ni utamaduni, wala hatuna nia ya kuyapunguzia hadhi. Lakini mhunzi aliyefua jembe, fundi aliyechonga mtumbwi, na mama aliyefinyanga chungu kisichovuja, nao walikuwa wakijenga utamaduni. Waliacha vitu, na pamoja na vitu waliacha taratibu: namna ya kumfunza kijana, namna ya kuijaribu kazi kabla ya kuitoa, na namna ya kumkabili mwenye mali kazi inapoharibika. Ni hilo la mwisho hasa lililotusukuma kuandika makala haya. Tunataka kusimulia habari za chombo kidogo tulichokiunda, kisichozidi urefu wa kidole, na kosa kubwa tulilolifanya kwa ajili yake.

Sisi tu watu watatu: walimu wawili wa shule ya sekondari na fundi mmoja wa redio ambaye kibanda chake hakiko mbali na shule. Mwaka 2022 tulikuwa tukipanga upya kabati la chumba cha kompyuta, tukakuta humo kibodi tano zisizotumia waya. Zilikuwa nzima, vitufe vyake vyote vikibonyea vizuri, lakini hazikuwa na kazi yoyote. Kila moja ilikuja na kipokezi chake, yaani kile kidude kidogo kinachochomekwa katika tundu la USB la kompyuta ili kusikia redio ya kibodi. Na vipokezi vyote vitano vilikuwa vimepotea. Kidude kidogo kuliko ukucha kikipotea, kibodi nzima hugeuka ubao. Huwezi kuitumia kwa kipokezi cha kampuni nyingine, kwa sababu kila kampuni imeifundisha redio yake lugha ya siri isiyojulikana na wengine.

Mmoja wetu alishauri zitupwe. Fundi akasema kwa upole, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Akaeleza kuwa lugha ya siri hatutaweza kuivunja, na wala si halali kujaribu kuivunja kwa hila, lakini tunaweza kuing'oa redio ile ya zamani, tukatia redio yetu wenyewe, na tukaunda kipokezi chetu kitakachoielewa. Vitufe vitabaki vile vile. Tulikubali. Hatukujua tulikuwa tumejitwisha kazi ya miezi saba.

Kwanza ilitubidi tujifunze adabu za mlango wenyewe. Mfumo wa USB, ambao toleo lake la kwanza lilitolewa mwaka 1996, katika umbo lake la msingi una waya nne: mbili za umeme wa volti 5 na mbili za habari. Mtu aliyelelewa katika desturi ya hodi hatapata taabu kuuelewa. Chombo kinapochomekwa hakiruhusiwi kuanza kusema. Hubisha hodi tu: kikinza cha omu 1500 huuvuta juu waya mmoja wa habari, na kompyuta hutambua kuwa mgeni yuko mlangoni. Akiuvuta waya huu, maana yake yeye ni wa mwendo wa polepole, biti milioni 1.5 kwa sekunde. Akiuvuta ule mwingine, yeye ni wa biti milioni 12. Kompyuta huitikia, kisha humpa mgeni namba ya kumwitia, kati ya 1 na 127. Hapo huanza kumhoji: wewe ni nani, nani aliyekuunda, unahitaji umeme kiasi gani, na umekuja kufanya kazi gani. Kabla hajakubaliwa, haimpasi mgeni kula zaidi ya miliampea 100. Hata akiisha kukaribishwa, hasemi neno mpaka aulizwe. Kompyuta humpitia kila baada ya muda mfupi na kumwuliza, "Una lolote?" Asipokuwa nalo, hujibu kwamba hana.

Jibu la kibodi nalo ni fupi mno. Ni baiti 8 tu. Baiti ya kwanza hueleza hali ya vitufe visaidizi, kama kile cha herufi kubwa. Ya pili huachwa tupu. Na sita zilizobaki hutaja vitufe vilivyobonyezwa kwa wakati huo. Jambo lililotushangaza ni kwamba kibodi haitumi herufi. Hutuma namba ya kitufe. Kitufe tunachokiita A ni namba 4, B ni 5, na kuendelea hivyo mpaka Z, ambayo ni 29. Alama ile ya ritifaa tunayoihitaji ili kuandika neno "ng'ombe" ni namba 52. Kazi ya kuigeuza namba kuwa herufi huachiwa kompyuta, kwa kufuata lugha iliyochaguliwa na mwenyewe. Kwa hiyo kibodi ya Mwarabu na ya Mswahili huweza kutuma namba ile ile, na kila mmoja akasoma herufi yake.

Baada ya kuelewa hayo tulichagua vipuri. Kwa ubongo wa kipokezi tulitumia chipu iitwayo ATmega328P, yenye nafasi ya kilobaiti 32 ya kuwekea programu na kilobaiti 2 za kumbukumbu ya kazi. Ni chipu ya bei nafuu, na mafundi wengi wa vijana wanaifahamu. Ila ina upungufu mmoja: haikuumbwa na ulimi wa USB. Ilitubidi tutumie programu iitwayo V-USB, iliyoandikwa na kampuni ya Objective Development ya Austria na ambayo maandishi yake yako wazi kwa kila mtu kuyasoma. Programu hiyo huifundisha chipu kuzitikisa waya za habari yenyewe, biti baada ya biti. Chipu yetu ilikuwa ikienda kwa fuwele ya midundo milioni 12 kwa sekunde. Ukigawa kwa biti milioni 1.5, utaona kuwa kila biti moja hupata midundo minane tu. Katika midundo hiyo minane, chipu haina budi kusoma, kupima na kuhifadhi. Haina nafasi ya kugeuka nyuma.

Hapo ndipo redio ilipotusaidia. Tulitumia chipu ya redio iitwayo nRF24L01+, iliyobuniwa na kampuni ya Nordic Semiconductor ya Norway. Huzungumza katika masafa yanayoanzia megahezi 2400, na hupokea ujumbe wa mpaka baiti 32 kwa mara moja. Ubora wake kwetu ulikuwa huu: ina ghala dogo lenye nafasi tatu. Ujumbe ukifika wakati ubongo umeshughulika kuijibu kompyuta, redio huuweka ghalani na kungoja. Lau isingekuwa na ghala hilo, kila mara kompyuta inapouliza swali tungekuwa katika hatari ya kupoteza herufi.

Tulipunguza umeme wa volti 5 mpaka volti 3.3, kwa sababu redio haistahimili zaidi ya volti 3.6, na kwa sababu waya za habari za USB nazo hutaka volti 3.3. Kwa njia hiyo chipu zote mbili zilikula chungu kimoja, na hatukuhitaji diodi za kupunguzia. Katika kila waya wa habari tuliweka kikinza cha omu 68. Karibu kabisa na miguu ya redio fundi alilehemu kapasita ya mikrofaradi 10. Tulikuwa tumeiona kuwa ni pambo, tukaiacha katika jaribio la kwanza, na redio ikawa kama mtu mwenye kwikwi: inasema, inakatika, inasema tena. Redio inapoamka hudai umeme kwa ghafula, na kama hakuna akiba jirani, hupungukiwa. Kapasita ni mtungi uliowekwa karibu na jiko.

Upande wa kibodi ulikuwa na tabu zake. Chini ya vitufe kuna utando wenye waya zilizopangwa kwa safu na mistari. Zetu zilikuwa 8 kwa 18. Kitufe kikibonyezwa, waya mmoja wa safu hugusana na mmoja wa mstari. Tulitumia chipu iitwayo ATmega32, kwa kuwa ina miguu 32 ya kazi: 26 ikaenda kwenye utando na 5 kwenye redio. Kwa siku mbili nzima mistari minne haikusikika hata kidogo. Tulilehemu upya, tukabadili waya, tukailaumu chipu kuwa ni mbovu. Mwishowe mmoja wetu alisoma kitabu cha chipu kwa utulivu akagundua kuwa miguu minne ile, chipu inapotoka kiwandani, imewekwa kwa kazi nyingine ya upimaji, na mtu hana budi kuizima kazi hiyo kwanza. Chipu ilikuwa nzima. Waliokuwa hawajasoma ni sisi. Tungaliuzingatia mkasa huo mdogo, pengine tungaliepuka ule mkubwa uliotufika baadaye.

Basi siku ilifika, tukaweka kipokezi mezani kibandani kwa fundi, tukabonyeza kitufe cha kibodi ya kwanza, na herufi ikatokea kwenye kioo. Tuliandika majina yetu. Tuliandika majina ya watoto wetu. Kwa wiki nzima tuliijaribu kibodi ile moja, wala haikukosea hata herufi moja. Tukaunda nyingine nne kwa mfano ule ule na vipokezi vyake, tukazipeleka darasani kwa fahari ambayo hatukujaribu kuificha.

Wanafunzi watano wa kidato cha tatu waliketi kuandika insha. Katika somo la pili msichana mmoja alinyosha mkono. Alikuwa ameandika mistari kumi na minane, akakosea herufi moja, akabonyeza kitufe cha kufuta mara moja, kisha akamgeukia mwenziwe kumwuliza tahajia ya neno. Alipogeuka tena, ukurasa ulikuwa ukifutika wenyewe, herufi baada ya herufi, mpaka ukabaki mweupe. Kwa hofu akabonyeza vitufe vingine. Tulijaribu kuyarudisha maandishi yake. Lakini programu nyepesi tuliyokuwa tumeweka katika kompyuta zile kuukuu ilikumbuka tendo moja la mwisho tu, nalo lilikuwa zile herufi za hofu.

Hapa inatupasa kusema kweli. Tulimwambia, mbele ya wenzake, "Binti, umekilalia kitufe."

Akajibu kwa adabu, "Sikukigusa, Mwalimu."

Tukarudia maneno yetu kwa sauti ya juu kidogo. Tukamwambia kwamba mashine haina akili, hufanya lile inaloamriwa tu, na kwamba asiyekubali kosa hafundishiki. Hakujibu tena. Alianza insha yake upya, na kengele ikalia hajafika nusu. Kwa muda wa siku tisa tuliendelea kuamini kuwa kosa ni lake, kwa kuwa sisi tulikuwa tumeijaribu kibodi kwa wiki nzima na yeye alikuwa ameitumia kwa dakika thelathini.

Siku ya kumi fundi aliomba aletewe kibodi zote tano kibandani, kwa shughuli nyingine ya kubadili betri. Tukaziwasha zote na kuzichezea kwa pamoja. Ghafla kioo kimoja kikaanza kuandika: aaaaaaaa. Hakuna aliyekuwa amegusa kibodi ile wakati huo. Tulitazamana. Hakuna aliyesema neno kwa kitambo, kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa akimwona yule binti.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Katika programu yetu, kibodi ilituma ujumbe mara mbili: mara moja kitufe kinapobonyezwa, na mara moja kinapoachiwa. Kibodi zote tano zilitumia masafa mamoja, kila moja na anwani yake. Anwani humzuia mtu kusikiliza yasiyomhusu, lakini haizuii sauti mbili kugongana hewani. Kibodi mbili zikisema kwa wakati mmoja, ujumbe wote wawili huharibika. Redio ile ina desturi nzuri ya kuitikiana: mpokeaji akiisha kupokea hurudisha jibu, na mtumaji asipolisikia hutuma tena, hata mara 15. Sisi tulikuwa tumeizima desturi hiyo. Tuliona kuwa umbali ni wa hatua moja, na mtu haitiki "naam" kwa jirani anayemwona. Kwa hiyo ujumbe wa "nimeachiwa" ulipopotea, kipokezi kiliendelea kuiambia kompyuta kuwa kitufe bado kimebonyezwa. Na kompyuta, kama ifanyavyo kwa kitufe kilichoshikiliwa, ikarudia kufuta mara kadhaa kwa kila sekunde. Tulipoijaribu kibodi moja peke yake tusingeweza kulipata kosa hilo hata kwa mwaka mzima. Kosa halikuwa ndani ya kibodi yoyote. Lilizaliwa zilipokuwa pamoja, na mahali pa kwanza zilipokuwa pamoja ni mbele ya wanafunzi wetu.

Kulisahihisha kulituchukua wiki mbili. Kwanza, tulirejesha desturi ya kuitikiana, na kila kibodi tukaipa muda wake tofauti wa kungoja kabla ya kurudia, ili mbili zilizogongana zisigongane tena kwa kurudia pamoja. Redio huweka katika kila ujumbe alama ndogo ya biti 2, ili ujumbe uliorudiwa usihesabiwe kuwa ni mpya. Pili, kila kibodi tuliipa masafa yake, jambo ambalo tungaliweza kulifanya tangu mwanzo kama si uvivu. Tatu, na hili ndilo kubwa, tulibadili maana ya ujumbe wenyewe. Sasa kibodi haitumi habari ya tukio. Hutuma hali nzima, yaani orodha ya vitufe vyote vilivyobonyezwa kwa wakati huo, nayo huirudia muda wote kitufe kinaposhikiliwa. Ujumbe mmoja ukipotea, unaofuata unasema yote. Kisha tukakiamuru kipokezi kwamba kisiposikia lolote kwa muda wa sehemu moja ya kumi ya sekunde, kiichukulie kibodi kuwa imenyamaza, na kiiambie kompyuta kuwa vitufe vyote vimeachiwa. Kipokezi kikiwa na shaka, kisifute maandishi ya mtu.

Tulijadiliana pia juu ya jambo lisilo la programu. Mmoja wetu aliona yatosha kuzirudisha kibodi darasani kimya kimya, zikiwa zimekwisha kutengenezwa. Alisema kwamba mwalimu akianza kuomba radhi kwa wanafunzi, heshima ya darasa itapungua. Hoja hiyo si ya kudharau, maana wengi wetu tumelelewa kuamini kwamba mkubwa hakosolewi. Lakini fundi, ambaye hakusoma zaidi ya darasa la saba, alituuliza swali moja: kama mtu ameleta redio kwake ikaharibikia mikononi mwake, naye akamwambia mwenye redio kuwa ameiharibu mwenyewe, mtu yule atarudi? Wahenga walisema ukubwa ni jaa. Jaa hupokea taka zote, pamoja na zile zilizotoka nyumbani mwake.

Tulikwenda. Tulisimama mbele ya kidato kile, tukachora ubaoni jinsi ujumbe mbili zinavyogongana hewani, tukaonyesha ulipopotelea ule wa "nimeachiwa". Kisha tukamtaja yule binti kwa jina lake, tukasema kwamba alisema kweli na sisi hatukumsikiliza, tukamwomba radhi. Alisimama, akasema, "Nimewasamehe, Walimu," akaketi. Hatukuona heshima ya darasa ikipungua. Tulichokiona ni kwamba tangu siku ile wanafunzi walianza kutuletea makosa ya kibodi ambayo hapo kabla walikuwa wakiyanyamazia, wakichelea kulaumiwa. Kwa muda wa mwezi mmoja waliyagundua manne. Mawili kati ya hayo tusingeyaona sisi wenyewe.

Mmoja wa wanafunzi hao aliuliza swali ambalo hatukuwa tumelifikiria: "Ikiwa kipokezi husikia hewani, mtu aliye nje ya dirisha hawezi kukisemesha?" Tulipotafuta jibu tukakuta kwamba watu wakubwa kuliko sisi walikuwa wamelisahau swali hilo. Mnamo Februari 1916 isingewezekana hata kuliuliza. Lakini Februari 2016 watafiti wa kampuni ya Bastille ya Marekani walitangaza kuwa vipokezi vya makampuni kadhaa mashuhuri vilikubali ujumbe wa vitufe usiosimbwa kutoka kwa mtu asiyejulikana, hata aliye umbali wa mita 100. Mtu huyo angeweza kuiandikia kompyuta ya mwenziwe amri yoyote, na kompyuta ikadhani imeamriwa na mwenyewe. Udhaifu huo waliuita MouseJack. Kipokezi chetu nacho kilikuwa wazi vile vile. Kilikuwa na desturi ya kuitika hodi bila kuuliza, "Nani?"

Kwa hiyo tuliongeza usimbaji. Ujumbe wetu sasa una baiti 16: nne za hesabu inayoongezeka kila mara, nane za hali ya vitufe, na nne za alama ya siri. Baiti zote 16 husimbwa kwa pamoja kwa njia iitwayo AES, iliyopitishwa na serikali ya Marekani kuwa kiwango rasmi mwaka 2001, kwa ufunguo wa biti 128 unaojulikana na kibodi na kipokezi chake tu. Kipokezi kikiisha kusimbua hutazama alama. Isipopatana, ujumbe hutupwa. Hutazama na hesabu pia. Ikiwa haikuzidi ile ya mwisho, ujumbe hutupwa vile vile, maana huenda ni mtu aliyenasa ujumbe wa jana na kuurudisha leo. Hesabu huhifadhiwa katika kumbukumbu isiyofutika umeme ukatikapo. Pamoja na nyongeza zote hizo, ujumbe mmoja hukaa hewani kwa takriban mikrosekunde 200 tu, kwa mwendo wa biti milioni moja kwa sekunde.

Msomaji huenda akauliza: je, faida yake ni nini, ilhali kibodi mpya yenye waya hununuliwa dukani kwa bei ndogo? Kwa hesabu ya shilingi peke yake, hatukupata faida. Vipuri vya kibodi tano na vipokezi vyake vilikaribia bei ya kibodi mpya, na miezi saba ya kazi hatukuihesabu. Hatutaki kumdanganya mtu kwamba kujitegemea huwa daima ni rahisi. Lakini kitu kilichonunuliwa, kikikosea, hakuna wa kumwuliza; hukitupa na kununua kingine, wala hujui kwa nini kilikosea. Cha kwetu kilikosea, tukajua sababu, na sababu ile sasa inajulikana na wanafunzi arobaini ambao wengi wao hawatasahau kwa nini ni bora kutuma hali kuliko kutuma tukio. Elimu hiyo itawafaa hata siku watakapounda kitu kisichohusiana kabisa na kibodi.

Aidha, kazi hii ilitufunza jambo juu ya lugha yetu. Mwanzoni tulikuwa tukijadiliana kwa Kiingereza kilichochanganywa, kwa kudhani kuwa mambo haya hayasemeki kwa Kiswahili. Fundi alikuwa akinyamaza. Tulipoamua kusema ujumbe, anwani, ghala, hodi na itiko, fundi alianza kutoa mawazo, na mengi yalikuwa bora kuliko yetu. Ni yeye aliyesema kwamba kipokezi kinachonyamaziwa kisiendelee kudhani kitufe kimeshikwa. Mawazo hayo alikuwa nayo tangu mwanzo. Tulichokosa ni lugha ya kumkaribisha katika mazungumzo. Taifa linaweza kupoteza maarifa mengi kwa namna hiyo, si kwa kukosa wenye maarifa, bali kwa kuyajadili mambo yao katika lugha inayowafungia nje.

Kwa walimu wenzetu tunalo ombi moja. Katika makabati ya shule nyingi mna vyombo vilivyokufa kwa kupungukiwa na kitu kidogo. Vifungueni pamoja na wanafunzi. Mwalikeni fundi wa jirani aingie darasani, mkampe kiti. Na kazi ikiharibika, kama itakavyoharibika, msiwe wepesi wa kumtafuta mwenye kosa miongoni mwa walio wadogo kuliko ninyi.

Kibodi zile tano zingali zikitumika. Ndani ya droo ya meza ya chumba cha kompyuta mna daftari ambalo kila mtu, mwalimu au mwanafunzi, huandika humo kosa aliloliona, tarehe, na sababu yake ikijulikana. Ukurasa wa kwanza tuliuandika sisi. Chini ya neno "kosa" tuliandika: kitufe cha kufuta kimeendelea baada ya kuachiwa. Chini ya neno "aliyeligundua" tuliandika jina la yule binti. Na chini ya neno "sababu" tuliandika: mafundi.